Sadaka Iliyobaki Imesimama

Wajukuu zangu, na nyinyi vijana wengine mtakaosoma haya kwa sababu mmekosa la kufanya: mimi nilikuwa mchoma matofali. Mtu akikuuliza umefanya kazi gani maisha yako yote, nawe ukamjibu kwamba umechoma udongo, anakutazama kwa huruma. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliwaambia ndugu zake kwamba ameolewa na fundi ujenzi. Niliposhika mwiko mbele yao siku moja, ukuta ukaenda upogo, ndipo wakajua ukweli. Lakini mkienda Gitega leo, tazameni nyumba. Nyingi zilipita kwanza motoni kabla hazijawa nyumba, na mingi ya mioto hiyo niliiwasha mimi.

Nianze na jambo la kazi, msije mkasema mzee ameanza na mahubiri. Tofali lililoiva hulia. Chukua mawili, yagonganishe. Yakitoa sauti ya chuma, yameiva. Yakitoa sauti nzito isiyokwenda popote, huo ni udongo uliobadilika rangi tu. Rangi hudanganya. Nimewaona watu wenye fedha zao wakinunua matofali mekundu ya kupendeza, kisha masika moja tu yakaurudisha ukuta shambani ulikotoka. Wanaonunua kwa macho ndio waliotulisha sisi wachomaji, kwa hiyo siwasemi vibaya sana.

Kazi niliisomea kambini Tanzania, upande wa Kibondo. Wazazi wangu walivuka mpaka nikiwa mgongoni, na hiki Kiswahili changu mnachonicheka nacho, cha "kwa hiyo" na "hata hivyo", nilikiokota huko. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Hamisi, Muha wa Kasulu, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua zikakataa kuota tena. Kanuni yake ilikuwa moja: siku ya kwanza tanuru hupewa moshi, halipewi moto. Udongo una maji tumboni, na maji hayo yanataka kubembelezwa yatoke. Siku moja alikwenda msibani, nikaona nimshangaze kwa kumaliza mapema. Nikatia magogo makavu, moto ukanguruma. Baada ya muda nikasikia tanuru linapasuka ndani kwa ndani, pa, pa, pa, kama bisi kwenye chungu. Mzee Hamisi aliporudi alitazama, akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaniambia nianze kufyatua upya.

Alikuwa na desturi nyingine. Kabla ya kuwasha, alisimama mbele ya tanuru, akafungua viganja, akaomba dua. Mimi Mkristo nilisimama pembeni nikiomba yangu. Akimaliza alikuwa akisema, "Haya, Mungu ameshasikia. Sasa kagueni kuni, maana hatakukaushieni kuni mlizolaza kwenye umande." Wakati ule niliona ni utani wa wazee. Nimekuja kuielewa dua ile nikiwa na mvi.

Tuliporudi nchini kwetu nilikaa Giheta, jirani na Gitega, na Gitega ilipofanywa tena mji mkuu, kila mtu akataka kujenga. Hapo ndipo nilipopata jina. Mwanzoni kuni zilitoka vilima vya jirani. Zikaisha. Zikaanza kuja kutoka Mutaho kwa baiskeli, vijana wakisukuma mzigo mkubwa mpaka ukadhani kuni zinatembea zenyewe. Nazo zikaanza kuwa haba. Zikaja kwa lori, kutoka mahali ambapo hata dereva hakupenda kupataja. Kila kuni zilipopanda bei, nami nilipandisha bei ya tofali, na mwenye nyumba alilipa akinung'unika, mambo yakaendelea. Hakuna aliyeuliza kilima kinadai nini.

Kilima hakikukaa kimya. Mvua tuliyozoea kuipokea Septemba ikaanza kuchelewa, halafu ikaja kwa hasira, ikashuka na udongo, na mbolea, na maharagwe yaliyokuwa yamekwisha kuota. Wakulima walipanda mara mbili mwaka mmoja, wengine hata mara tatu, wakavuna kama waliopanda nusu. Nasi tulikuwa na vichwa viwili, cha Jumapili na cha Jumatatu. Jumapili tuliimba kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya nne, kabla moshi haujaniharibia koo. Jumatatu tuliuliza mti ule pale ni bei gani. Vichwa hivyo viwili havikuwahi kusalimiana.

Kazi ninayotaka kuwasimulia niliitiwa Muyinga. Kulikuwa na kilima, sikitaji kwa jina kwa kuwa wenyewe hawapendi kusemwasemwa, chenye kanisa la miti na udongo lililokwisha kuinama upande mmoja. Padri wao alikuwa Melkiori, kijana mrefu aliyeendesha pikipiki utadhani anafukuzwa. Aliwaahidi watu wake kanisa la matofali ya kuchoma, kubwa, la kuwatosha wote. Familia zikafyatua matofali bondeni, kila familia yake, na Jumapili walipanda nayo kichwani, watoto moja moja, akina mama mawili mawili, wakayapanga kando ya kanisa kabla ya misa. Nilipofika nikakuta lundo ambalo sijapata kuliona kwa watu wanaokula mlo mmoja. Nilivua kofia bila kujua nimeivua.

Kilichobaki ni kuni, na kuni za kilima kizima zilikuwa mahali pamoja tu. Juu ya chemchemi kulikuwa na msitu mdogo, misave na mivumu na gereveliya, miti ambayo mume wa Bibi Spesiyoza aliipanda alipokuwa hai. Bibi Spesiyoza alikuwa mjane mkongwe, mwembamba, mkali wa macho. Alikuwa na hamu moja iliyobaki duniani: kusali ndani ya kanisa la matofali kabla hajafa. Hakuificha. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama moto wangu una haraka, maana yeye anayo. Kwa hiyo msitu wote alikuwa ameutoa.

Sikilizeni vizuri namna alivyoutoa. Kwenye kilima kile, mtu akitaka kumtolea Mungu kitu kikubwa, hukitaja mbele ya altare watu wote wakisikia, nao hupiga makofi. Kikishatajwa si chake tena. Mbuzi akitajwa kisha akafa, mwenyewe humtafuta mwingine. Anayerudisha nyuma sadaka yake, hata akiwa na sababu nzuri, huonekana amemwibia Mungu, na watoto wake wataambiwa hivyo wakigombana shuleni. Bibi Spesiyoza alikuwa ameutaja msitu, makofi yakapigwa. Mambo yakaisha.

Mimi nikapanga tanuru, kubwa kuliko lolote nililowahi kulipanga, na midomo ya moto chini ikisubiri magogo. Katekisti, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa mpango, alikuwa ameshawachagua vijana wa shoka. Wangeanza Jumatatu. Mapatano yangu na padri yalikuwa kwamba nitalipwa fedha ya matofali yatakayolia tu, si mengine, na mawingu yalikuwa yameanza kuonekana upande wa Tanzania. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Nilitaka shoka zianze hata Jumapili.

Jumapili hiyo, misa ikiendelea, Hadji Yusufu alikuja akasimama mlangoni na wazee wenzake wawili wenye kofia zilizoshonwa kwa mkono. Hadji alikuwa mfanyabiashara wa Muyinga, mwenye mashini ya kukoboa mpunga kando ya barabara, na mpunga mwingi aliokoboa ulilimwa kwenye bonde lile lile lililonyweshwa na chemchemi ile. Walingoja mpaka baraka ya mwisho. Watu walipotoka walidhani amekuja na mchango wa saruji, wakampisha kwa heshima.

"Padri, mi siko nakuja kufundisha mutu dini," Hadji alisema. "Niko nakuja juu ya maji. Ile miti ikianguka, chemchemi itakufa. Chemchemi ikikufa, mpunga haiko. Mpunga ikikosa, mashini yangu iko chuma tu. Sidanganye mutu, faida yangu iko ndani."

Nimewasikia watu wengi wakitetea miti, wengine kwa vipaza sauti. Huyu alikuwa wa kwanza kuiweka faida yake mezani kabla hajaulizwa, na nilimwamini hapo hapo. Akaendelea kwamba nyuma ya mashini yake kuna kilima cha pumba za mpunga. Wafugaji wa kuku walikuwa wakizinunua kutandika mabandani, lakini mwaka huu hawatapata. Tuzibebe zote, tuchomee matofali, naye hataki kitu.

Macho yote yakanigeukia mimi. Nilikuwa nimesikia kwamba huko uwanda wa Ruzizi watu wanachoma kwa pumba, lakini kusikia si kujua. Tanuru likiharibika mikononi mwako, jina lako huenda nalo, na kwenye kazi yetu jina ndilo duka. Nikasema siwezi kuahidi. Hadji akaniambia hajaniomba ahadi, ameniomba nijaribu.

Mambo yangeishia kwenye pumba kama katekisti asingeinuka. Alisema kwa sauti ya upole kwamba msitu umetajwa altareni. Haurudi. Kumrudishia Bibi Spesiyoza ni kumwibia Mungu, na yeye hatashiriki. Watu wakaguna kukubali. Bibi Spesiyoza mwenyewe akasogea mbele, amekasirika, akauliza kwa Kirundi kama wanataka kumwambia kwamba Mungu ameitazama sadaka yake akaisukuma kando. Hadji alitazama viatu vyake.

Padri Melkiori alisimama pale na kanzu yake ya misa, akijikuna shingo. Nadhani hata yeye hakujua atakalosema mpaka aliposikia analisema.

"Bon. Mama, sadaka yako Mungu ameshapokea. Iko yake. Lakini hakusema tumuletee imekufa. Itabaki pale, imesimama. Kuanzia leo hakuna mutu wa kuikata, hata mi, hata askofu."

"Kwetu hiyo njo inaitwa wakfu," Hadji alisema polepole. "Kitu ya Mungu haiuzwi."

Tangu kuzaliwa kwangu nilikuwa nimeona mti ukiwa na mambo mawili tu, bei au shoka, na la kwanza huleta la pili. Pale mbele ya kanisa lililoinama niliona miti ikitoka sokoni mchana kweupe. Si kwa amri ya serikali, si kwa fedha za wageni. Ilitoka kwa sababu mjane alikataa kurudisha neno lake, padri akaona mwanya, na mfanyabiashara akalitambua jambo lile kwa jina la dini yake. Mimi niliyekuwa nimeishi kwa kununua miti sikuwa tena na pa kuinunulia. Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilijikuta nimenyamaza kama mtoto aliyeona nyota kwa mara ya kwanza.

Bibi Spesiyoza aliugeukia msitu. Kisha akauliza swali moja: kanisa litajengwa au halitajengwa? Padri akanitazama mimi. Nikasema nitajaribu.

Sasa turudi kwenye kazi. Gogo ni mtu mzima, ukilitia motoni unaweza kwenda kunywa chai. Pumba ni mtoto mchanga, anataka kunyonya kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukimpa nyingi anakabwa, moto unazimika kwa moshi. Ukimsahau, analala. Tulilipangua tanuru lote, tukalipanga upya tukiacha nafasi ya kidole kati ya tofali na tofali, na kila safu tuliimwagia pumba kabla ya kupanga safu nyingine. Nje tukakandika udongo. Kwa kuwashia, wakulima wakaleta vigogo vya mikahawa kuukuu waliyoikata ili ichipue upya. Moshi kwanza, kama alivyonifundisha Mzee Hamisi. Nikafungua viganja nikaomba, halafu nikaenda kukagua kama pumba ni kavu.

Shida ikawa mikono. Pumba haziruhusu mtu kupumzika, usiku na mchana, na niliwasha Alhamisi, kwa hiyo moto ungepita katikati ya Ijumaa na Jumapili. Sikuwa nimefikiria hilo. Watu wa kilima, na watu wa Hadji waliokuja kusaidia, walikuwa wamelifikiria. Ijumaa adhuhuri Wakristo waliwaambia Waislamu waende msikitini bila wasiwasi, wakachukua midomo yote ya tanuru. Na Jumapili asubuhi, kabla kengele haijapigwa, Hadji alifika na wake zake, wanawe, na majirani zake, kanzu zimekunjwa kiunoni.

Ningependa mngeiona Jumapili hiyo. Ndani ya kanisa bovu kwaya inaimba. Nje, hatua chache tu, Waislamu wamejipanga kutoka kwenye lundo la pumba mpaka kwenye tanuru, vikapu vinapita mkono kwa mkono, wanachoma matofali ya kanisa ambalo hawatasali ndani yake. Hadji alikuwa amejaa masizi usoni mpaka meno yake yalionekana meupe kupita kiasi. Akaniuliza, akihema, kama Mungu wa wale walio ndani anawaona walio nje. Nikamjibu kwamba anawaona, lakini mdomo wa tatu unaanza kulala. Akacheka, akakimbilia mdomo wa tatu.

Nililia. Niliwaambia watu ni moshi, hawakuniamini, kwa sababu upepo ulikuwa ukiupeleka moshi upande mwingine. Alasiri wingu lilikuja, wanawake wakafunika tanuru kwa majani ya migomba na maturubai, likadondosha matone machache likaenda zake. Jumatatu tukaziba midomo, tukaliacha tanuru lipoe. Kulipoza kunataka subira kuliko kulichoma. Bibi Spesiyoza alikuja kila siku kuligusa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa.

Siku ya kulifungua, kilima kizima kilikuja. Nikachukua mawili kutoka kwenye moyo wa tanuru, nikayagonganisha. Yakalia. Vigelegele vikapigwa mpaka bondeni. Nikachukua mengine, yakalia. Kisha nikapanda juu, na kwenye kingo, nikagonga. Sauti nzito, isiyokwenda popote. Nikagonga mengine na mengine, nikitumaini mkono wangu ndio mbovu. Pumba zilikuwa zimefika zilipoweza kufika. Karibu nusu ya matofali ilikuwa bado udongo. Niliwaambia ukweli, kwa sababu tofali bichi huutoa lenyewe mvua ikija.

Nusu haikutosha kanisa lililochorwa. Pumba zilikuwa zimekwisha, za Hadji na za mashini nyingine zote za Muyinga. Hapo katekisti, kwa ule upole wake, akasema kwamba mabichi yanaweza kupangwa tena. Ingehitajika miti michache tu kutoka msituni, minne au mitano, ile iliyo mbali na maji. Mungu anajua ni kwa ajili ya nyumba yake, hatakasirika. Vichwa vingi vikaitikia. Na mimi, niseme nini? Nilijua kwamba kwa magogo hayo ningemaliza kazi vizuri na ningelipwa yote. Hata Hadji hakusema kitu, maana miti minne isingekausha chemchemi.

Watu wakamgeukia Bibi Spesiyoza, wakiwa na hakika. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Yeye ndiye aliyelitaka kanisa kubwa kuliko wote. Akajishikilia kwenye fimbo yake, akasema kwa Kirundi maneno ambayo nitayatia kwenye Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Nilimpa Mungu, sikumkopesha. Jengeni lile lililotosha. Mimi nitasimama nje."

Padri alichukua mchoro wake, akaukunja, akautia mfukoni.

Likajengwa dogo, lenye mlango mpana unaotazama msitu, ili walio nje wasikie. Na kiangazi kirefu kilipokuja, kile ambacho wakulima wa Giheta bado wanakizungumza kwa sauti ya chini, vilima vya jirani vilituma wanawake na madumu kwenye chemchemi ile. Maji yalipungua lakini hayakukatika. Wenyeji hawakumfukuza mtu. Mpunga ulivunwa mchache, ukakobolewa, na pumba zake Hadji alizirundika tena, akisubiri kanisa au msikiti wowote wenye shida.

Najua mtakaloniuliza, maana mmekwisha kuniuliza. Je, msitu mmoja wa bibi mmoja utarudisha mvua mahali pake? Hautairudisha. Joto hili halikutoka kwenye tanuru langu peke yake. Wapo waliochoma zaidi yetu mara elfu, na mvua ya hasira inashukia maharagwe yetu, si yao. Hilo linaniuma na litaniuma mpaka kaburini. Lakini msije mkajificha nyuma ya uchungu huo. Mimi baada ya Muyinga niliikataa kila kazi ya magogo, wateja wengine wakanikimbia, wengine wakanifuata. Nikanunua pumba, wenye mashini wakagundua nazihitaji, wakapandisha bei. Nilicheka peke yangu njiani. Soko halilali, na ukiliacha lifikiri peke yake linakula hata mbegu. Linataka mtu wa kuliambia: hiki hapa hakiuzwi. Na mtu huyo lazima awe ameamini kitu fulani, la sivyo bei ikipanda atatikisika.

Siku hizi mna mashini inayokandamiza udongo bila moto kabisa. Mnaniambia kwa huruma kwamba kazi yangu imekufa. Na ife. Nitaizika kwa furaha.

Bibi Spesiyoza aliishi miaka mingi kuliko alivyotarajia mwenyewe. Kila Jumapili alisimama nje, mkabala na mlango. Padri alimwekea kiti ndani, mstari wa mbele. Yeye akakitoa kwa mama mwenye kichanga. Mvua iliponyesha walimwita, akawaambia ndani wameshajaa. Nilipokwenda kuwatembelea nilisimama naye, na nilikuwa naona aibu kukohoa, kwa jinsi alivyokuwa ametulia. Lile kanisa alilolililia hakuwahi kukanyaga sakafu yake.

Habari ya kifo chake ilinifikia Giheta, nikapanda basi siku hiyo hiyo. Mbao za jeneza zilikuwa zimenunuliwa sokoni Muyinga. Hakuna aliyethubutu hata kuutazama msitu. Kanisa lilikuwa limejaa, na mlangoni watu wamebanana, Hadji Yusufu na watu wake wakiwa nyuma. Wana wa Bibi Spesiyoza walipolifikisha jeneza mlangoni hapakuwa na pa kupita. Waliokuwa karibu wakatoka kuwapisha. Halafu na wa nyuma yao wakatoka. Halafu mstari kwa mstari, bila padri kusema neno, akina mama na vichanga vyao, wazee wenye miguu mibovu, kwaya nzima, wote wakatoka, na jeneza likaingizwa. Tukaenda kusimama chini ya misave ya msitu ule, Wakristo na Waislamu, na ibada ikaanza. Kilima kizima kilisali nje siku hiyo, na ndani alikuwa yeye.